Smuthi kila asubuhi, chapati nimeacha, na mizani inapanda. Nakosea wapi?

#1 Bint Tabata

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni wa kusoma nyuzi za watu na kuondoka kimya kimya, ila hili limenishinda. Nina miaka 34, urefu sentimita 162. Mwezi wa kwanza nilikuwa na kilo 84. Nikasema mwaka huu sitaki utani, nyama uzembe zinachungulia kwenye kila gauni ninalovaa. Nikaacha chapati za asubuhi. Kawaida yangu ilikuwa chapati mbili na chai ya maziwa kwa mama ntilie jirani na ofisi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua blenda, nikaanza smuthi.

Leo mwezi wa nne unaelekea kuisha. Jana usiku nimepanda mizani: 86.4. Nikashuka, nikaisogeza pale ambapo vigae havijabonyea, nikapanda tena. 86.4.

Smuthi yangu ni hii, sijaficha kitu: ndizi mbivu mbili, embe moja (msimu umeisha lakini niligandisha vipande vya kutosha), nusu parachichi, glasi ya maziwa fresh, siagi ya karanga vijiko viwili, asali vijiko viwili. Sukari siweki hata chembe. Nasaga, nakunywa huku navaa, natoka kuwahi gari la Posta.

Saa nne njaa inanirudia kana kwamba sijatia kitu tumboni. Hapo nakula vitumbua viwili vya dada mmoja anayepita maofisini. Mchana wali maharage, usiku kidogo sana.

Mwenzangu ofisini anasema matunda hayanenepeshi hata siku moja, kwa hiyo nikapime homoni. Mwingine anasema blenda inaua virutubisho. Naomba aliyewahi kupita njia hii anielekeze. Wa kunicheka wanicheke taratibu.

#2 Mzee wa Kisusio

Nipo siti ya mbele. Ila dada, hiyo uliyoandika ni smuthi au ni futari ya watu watatu?

#3 Chips Kavu

Matunda ni matunda bwana. Bibi yangu kule Rungwe anakula parachichi kama mkate na kitambi hana. Achana na mizani za kuokoteza, pima kwa gauni.

#4 Mzee wa Kisusio

Bibi yako anaamka saa kumi na moja kwenda shamba na jembe la mkono. Mleta uzi anakaa kwenye kiti cha kuzunguka mpaka jioni, akichoka anazunguka. Usilinganishe.

#5 Lishe Mezani

Bint Tabata, pole. Mimi ni afisa lishe, nimefanya kazi hii halmashauri mbili tofauti, na swali lako nalipata karibu kila wiki. Homoni ziache kwanza, tulifungue hilo jagi. Ni makadirio, maana sijaona ukubwa wa ndizi zako.

Ndizi mbili za wastani, kalori 210. Embe moja lenye gramu 200 za nyama, 120. Nusu parachichi, tuseme gramu 100, ni 160. Glasi ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, mililita 250, ni 150. Siagi ya karanga vijiko viwili vya chakula, 190. Asali vijiko viwili vya chakula, karibu 130. Jumla: kalori 960.

Sasa rudi kwa mama ntilie. Chapati moja ya mtaani ni kati ya 200 na 300 kutegemea mkono wa mpishi kwenye mafuta. Mbili pamoja na chai ya maziwa yenye sukari, umegota 600 au 700. Yaani umeukimbia mlo wa 700 ukahamia kwenye mlo wa 960, halafu saa nne ukaongezea vitumbua. Mizani yako haina kosa, hata ukiihamishia kwenye vigae vya jirani.

"Sukari siweki hata chembe." Asali je? Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linaihesabu asali kundi moja na sukari ya mezani, na juisi ya matunda nayo imo humo humo. Linashauri sukari za aina hiyo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zisivuke asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25. Vijiko vyako viwili vya asali vina gramu 34 hivi. Hujafika kituoni, siku imeshaisha.

Na huyo anayesema matunda hayanenepeshi, muulize matunda gani. Kwa kila gramu 100, tikiti lina kalori 30, papai 43, nanasi 50, embe 60, ndizi mbivu 89, parachichi 160. Yote yanauzwa meza moja pale sokoni, lakini tikiti na parachichi zinapishana zaidi ya mara tano. Siyapondi maparachichi, mafuta yake ni mazuri kwa moyo. Nasema tu ni chakula kizito, nawe umekipa jina la kinywaji.

Kuhusu njaa ya saa nne, hilo limechunguzwa muda mrefu. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 10 tufaha kwa namna tatu: zima, lililopondwa, na juisi yake, wanga ukiwa sawa. Juisi ilinywewa kwa kasi mara 11 kuliko kula matufaha mazima, na shibe yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Lililopondwa likakaa katikati. Mwaka 2009 wengine wa Marekani wakawapa watu tufaha kabla ya chakula cha mchana: waliokula zima walipunguza jumla ya kalori za mlo ule kwa asilimia 15. Waliokunywa juisi hawakupata nafuu hiyo.

Wewe umesema mwenyewe: unakunywa huku unavaa. Kalori 960 umezimeza kati ya sidiria na viatu. Tumbo limejuaje kama umekula?

#6 Bint Tabata

960?

Nimeisoma hii nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

"Kati ya sidiria na viatu" afisa umeniua. Haya, sasa blenda nitupe? Nilinunua kwa pesa ya mchezo, mume wangu hajasahau mpaka leo.

#7 Lishe Mezani

Usitupe. Watu wanachanganya juisi na smuthi, na tofauti ipo kwenye chujio. Ukisaga nanasi ukalichuja, yale makapi unayomwagia kuku ndiyo nyuzinyuzi zenyewe. Kwenye glasi yamebaki maji, sukari na vitamini kadhaa. Ukisaga bila kuchuja, nyuzinyuzi zimo, zimekatwa tu vipande vidogo. Hayo ya blenda "kuua virutubisho" yasikusumbue. Vitamini C hupungua kidogo kinywaji kikikaa muda mrefu, basi.

Kuna hata utafiti wa 2022 ambapo vijana wenye afya walipewa tufaha na blackberry, siku moja mazima, siku nyingine yamesagwa pamoja. Yaliyosagwa hayakupandisha sukari ya damu kuliko mazima. Tena yaliipandisha kidogo kuliko mazima. Watafiti wakahisi ni kwa sababu mbegu zilisagika na vilivyomo ndani vikatoka. Ni utafiti mdogo, wa matunda mawili, usiuchukue ukaenda nao kwenye embe dodo. Ila unatosha kumnyamazisha anayesema blenda inageuza tunda kuwa sumu.

Upande wa pili, mamlaka za afya za Uingereza zinashauri juisi na smuthi kwa pamoja zisivuke mililita 150 kwa siku. Hiyo ni glasi ndogo, karibu na kikombe cha kahawa cha wazee wa kijiweni ukikijaza mara mbili. Wanaangalia na meno pia, maana kusaga kunaachia sukari iliyokuwa imefungwa ndani ya tunda.

Kwa hiyo chombo hakina kosa. Kosa lipo kwenye vitu vinavyotumbukia humo, ukubwa wa jagi, na kwamba mwili unahesabu umekunywa wakati umekula.

#8 Kaka Mizani

Mimi napinga kwa ushahidi. Nimeshuka kilo 11 kwa smuthi, kutoka 97 mpaka 86, miezi sita. Usiku sili, nakunywa smuthi tu: tango zima, papai kipande, spinachi mkono mmoja, tangawizi, mtindi. Sukari hapana, asali hapana. Wanaosema smuthi inanenepesha waje nipige nao picha.

#9 Mzee wa Kisusio

Kabla ya hiyo smuthi usiku ulikuwa unakula nini mkuu? Sema ukweli, hapa tuko wenyewe.

#10 Kaka Mizani

Chips mayai. Na mishikaki miwili. Wakati mwingine na soda.

#11 Mzee wa Kisusio

Ahsante. Mheshimiwa mwenyekiti, shahidi amemaliza.

#12 Kaka Mizani

Sawa, umenishika. Lakini nikwambie, bila ile smuthi nisingeweza kuziacha. Mtu akitoka kazini saa mbili usiku, moshi wa chips unamfuata mpaka mlangoni, hawezi kulala na glasi ya maji. Nilihitaji kitu kizito, cha baridi, chenye kunishughulisha mkono. Papai na tango vilinisaidia kwa kuwa vinajaza chombo bila kubeba nishati kubwa. Kwa hiyo kwangu ilikaa mahali pa chips. Kwa dada ilikaa juu ya vitumbua.

#13 Lishe Mezani

Hiyo sentensi yako ya mwisho ningeibandika ukutani kliniki.

#14 Mwili Mpya Siku 7

Habari za humu. Kwa wenye uhitaji wa kupungua haraka, tuna juisi ya kuyeyusha mafuta: limao, tangawizi, kitunguu saumu na mimea ya siri. Siku saba tu, kilo 5 mpaka 7 zinatoka, sumu zote nje. Huli kitu kingine. Tunatuma mikoani.

#15 Mzee wa Kisusio

Siku saba bila kula hata mbuzi wangu atatoka kilo tano, tena bila mimea ya siri.

#16 Lishe Mezani

Nijibu kwa wanaosoma. Mwili unahifadhi akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo imeshika maji kama gramu tatu. Ukikaa siku mbili tatu bila chakula cha maana, akiba inaisha na maji yake yanatoka chooni. Mizani inashuka, unapiga makofi. Ukirudi kwenye ugali, maji yanarudi. Mafuta ya kitambi hayajaguswa kwa kiasi hicho. Na sumu, hiyo ndiyo kazi ya ini na figo, zinaifanya usiku na mchana bila malipo. Limao na tangawizi ni viungo vizuri, ladha safi, ila havina uwezo wa kuyeyusha mafuta yaliyo mwilini.

Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano asiguse kabisa hayo ya siku saba. Sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.

#17 Muuza Juisi Temeke

Wakuu, mnatuharibia biashara lakini acha niseme ukweli, maana mimi mwenyewe nina kitambi.

Nauza juisi karibu na soko la Stereo mwaka wa sita huu. Kuna vitu mteja haoni. Kwanza, hakuna juisi ya pasheni isiyo na sukari. Pasheni ni kali, ukimpa mtu ilivyo anatema. Ukwaju hivyo hivyo, ubuyu ndiyo usiseme. Ndoo yangu ya lita 20 ya ukwaju inaingia sukari kilo mbili. Nilikuwa naweka kilo na nusu, wateja wakaniambia siku hizi umepunguza ukwaju. Ukwaju ulikuwa ule ule! Mteja akisema juisi haina ladha, anamaanisha haina sukari. Hiyo nimejifunza mwezi wa kwanza kazini.

Juzi baada ya kusoma huu uzi nikakaa na kalamu. Kilo mbili kwa lita 20 ni gramu 100 kila lita. Glasi yangu ya mililita 300 ina gramu 30, yaani vijiko vya chai saba na nusu. Nikachukua chupa ya soda ya kola nikasoma nyuma: gramu 10 na ushee kila mililita 100. Kumbe juisi yangu na soda ni ndugu wa tumbo moja! Mimi miaka yote nawaambia wateja "acheni soda, njooni kwenye asili".

Pili, embe. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa kwanza embe zimejaa, tunasaga embe tupu, tamu yenyewe, sukari kidogo. Msimu ukiisha embe moja inapanda bei, basi tunarefusha kwa maji na barafu, na utamu unaokosekana unarudishwa na nani? Sukari. Kwa hiyo juisi ya embe ya mwezi wa tano na ya mwezi wa kumi na mbili zina jina moja tu.

Tatu, hizi smuthi za kisasa. Mdada anakuja anataka ya parachichi. Tunaweka parachichi, maziwa ya unga, sukari au maziwa ya kopo yale mazito matamu, wengine wanamwagia na asali juu ili ikipigwa picha ing'ae. Anakunywa na sambusa mbili. Halafu ananiambia, "kaka mimi nipo kwenye dayati."

Ushauri wangu wa kijiweni: ukifika kwa muuzaji sema "usiniwekee sukari" kabla hajawasha mashine. Ile iliyoko kwenye ndoo imeshawekwa, hata akuapie. Tikiti na nanasi lililoiva vizuri vinanyweka bila sukari. Na miwa, mnaipenda ile yenye ndimu na tangawizi, najua, ila ile ni sukari kabla haijapelekwa kiwandani.

#18 Bint Tabata

Kaka wa Temeke, Mungu akuongezee wateja kwa ukweli huu. Mimi ukwaju nilikuwa nakunywa mchana nikijua ni dawa ya tumbo.

#19 Pwani Raha

Salaam aleikum jamani, mie niko Kisauni, Mombasa. Huu uzi wanihusu.

Kwetu mwezi mtukufu ndipo watu hunenepa. Mchana kutwa hujala, magharibi yaingia, mezani pana juisi ya embe, ya bungo, ya ukwaju, na ile ya avokado ilosagwa na maziwa na sukari mpaka kijiko chasimama. Tende pembeni, kaimati zina shira, viazi karai. Kiu ndiyo mwalimu mbaya: glasi ya kwanza huioni ilipopita, ya pili waionja, ya tatu ndiyo wakumbuka kusema bismillah.

Mamangu alikuwa na utaratibu wake, nasi tukamuona mkali. Tende tatu na maji, kisha swala, kisha uji au supu. Juisi haigusiki mpaka baada ya tarawehe, tena kwa kikombe cha kahawa. Wakati ule kiu ishakwisha, wanywa kwa raha, kidogo chatosha. Sikujua kama alikuwa afanya hesabu za kalori. Labda hakuwa azifanya, alikuwa tu hataki tumalize maziwa.

Dadangu Bint Tabata, jaribu hilo la maji kwanza. Asubuhi yawezekana nusu ya hamu yako ni kiu.

#20 Nuru ya Mama

Samahani naingilia. Mama yangu ana kisukari, miaka 61, na pressure. Jirani amemwambia anywe smuthi ya ndizi na parachichi kila siku, eti ya asili haina shida. Naogopa. Nimkataze matunda kabisa?

#21 Lishe Mezani

Usimkataze matunda. Mgonjwa wa kisukari anakula matunda, tena anayahitaji. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2013, uliofuatilia watu zaidi ya 187,000 Marekani kwa miaka mingi, uliona waliokula matunda mazima, hasa zabibu, tufaha na buluuberi, walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango cha chini, na wanywaji wa juisi wakawa juu kidogo. Ndiyo maana tunasema tafuna.

Kwa mama: tunda moja kwa wakati mmoja, kiasi cha ngumi yake. Kipande cha papai, au chungwa moja na nyama yake nyeupe, au pera na mbegu zake. Ale baada ya chakula chenye mboga na protini, asiyanywe tumbo likiwa tupu. Kama ana glukomita (kile kipimo cha sukari cha nyumbani), apime kabla na saa mbili baada ya kula tunda fulani, aandike kwenye daftari lake la kliniki. Mwili wake utamjibu vizuri kuliko jirani.

Jiulize kitu kimoja. Mgonjwa sukari ikimshuka, akatetemeka na kutoka jasho, tunampa nini haraka? Juisi au soda. Tunampa kwa sababu inaingia kwenye damu upesi. Kitu hicho hicho hakiwezi kuwa kinywaji chake cha kila asubuhi.

Na kwa kuwa ana pressure, ulizia kliniki kama figo zake zimepimwa. Ndizi na parachichi zina potasiamu nyingi. Kwa figo nzima ni jambo jema, kwa figo iliyochoka ni jambo la kuongea na daktari kabla.

#22 Nuru ya Mama

Nashukuru sana. Jirani nitamkabili mwenyewe.

#23 Chips Kavu

Mimi nabaki na msimamo wangu ila nimeurekebisha: tunda lisisagwe, liliwe. Tena ni rahisi. Hilo jagi la mleta uzi ni pesa ya ndizi, embe, parachichi, maziwa, karanga na asali kila siku ya Mungu, na umeme wa LUKU. Ndizi moja na mayai mawili ya kuchemsha unatoka nyumbani umeshiba na chenji mkononi.

#24 Mzee wa Kisusio

Leo Chips Kavu ameongea. Andikeni tarehe.

#25 Bint Tabata

MREJESHO. Ni wiki saba tangu nianzishe uzi, niliahidi moyoni nitarudi hata kama ni aibu.

Nilianza kwa kuazima mizani ya jikoni kwa jirani anayeoka keki. Jumamosi asubuhi nikatengeneza smuthi yangu ya zamani kama kawaida, bila kujibana, ila kila kitu nikakipitisha kwenye mizani kwanza. Ndizi na embe zilikuwa karibu na makadirio ya afisa. Parachichi ndipo nilipokaa chini: nusu moja, bila ganda wala kokwa, gramu 170. Siagi ya karanga, kile ninachokiita kijiko kimoja, ni kijiko chenye mlima, gramu 30. Asali nayo. Nilikuwa nachota, nainua, nasubiri ile nyuzi yake ikatike, haikatiki, naizungushia kwenye kijiko na kuishusha yote. Gramu 34. Kijiko cha watu wengine ni 21.

Nikapiga hesabu upya. Jagi langu halikuwa 960. Lilikuwa karibu 1,300.

Sikulimwaga, mume wangu alilinywa akasema tamu.

Sasa asubuhi naamka dakika kumi mapema. Nakunywa maji kwanza (ahsante Mombasa, mamako alijua). Mayai mawili ya kuchemsha. Halafu smuthi glasi moja: papai gramu 150, nusu ndizi, mtindi usio na sukari nusu kikombe, siagi ya karanga kijiko cha chai kilichofutwa juu kwa kisu. Kwa hesabu yangu glasi ni kama 240, na mayai yanafikisha kama 390. Naila kwa kijiko nikiwa nimekaa. Wiki ya kwanza nilijiona kama mgonjwa aliyelazwa, kijiko na glasi, lakini saa nne ikafika nikashangaa yule dada wa vitumbua anapita na mimi naendelea na kazi zangu. Njaa inakuja saa sita na kitu.

Vitumbua sijaviacha kabisa, Ijumaa nanunua kimoja. Ukwaju nimeacha. Wiki ya harusi ya mdogo wangu ilikuwa biriani na soda mfululizo, mizani ikapanda kilo moja nikalia, wiki iliyofuata ikarudi yenyewe.

Jana: 83.8.

Ile smuthi kubwa bado naitamani. Nimekubaliana na nafsi yangu, mara moja kwa wiki mbili naitengeneza, bila asali, inakuwa ndiyo chakula cha mchana wa Jumamosi. Nakaa mezani nayo kama sahani ya wali.

#26 Kaka Mizani

Hongera sana. Kutoka 86.4 mpaka 83.8 ni kilo 2.6. Usikimbilie haraka zaidi ya hapo.

#27 Mzee wa Kisusio

Mumeo yeye ana kilo ngapi sasa hivi, kwa hizo jagi anazomalizia?

#28 Bint Tabata

Hayo hayamo kwenye mada mzee wangu.

#29 Muuza Juisi Temeke

Na mimi nina mrejesho. Nimeweka jagi dogo pembeni, nanasi na tango, au papai na ndimu, bila sukari, glasi ndogo. Nimeandika kwa chokaa kwenye ubao: YA MIZANI. Siku ya kwanza nimeuza glasi nne, na mbili kati yake alinunua mtu mmoja, akidhani "ya mizani" maana yake nauza kwa kupima. Wa tatu aliionja akaniuliza kama nimesahau kitu. Wiki ya pili wakaanza kuja wamama wa mazoezi ya asubuhi, sasa hivi inakwisha kabla ya saa tano. Ndoo ya ukwaju bado ndiyo inalipa kodi ya fremu, siwezi kudanganya. Ila nimeirudisha kwenye kilo na nusu, na safari hii nimenyamaza, sijamwambia mtu. Mpaka leo hakuna aliyelalamika.

#30 Bint Tabata

Upo upande gani wa Stereo? Jumamosi napita huko kununua papai.

#31 Muuza Juisi Temeke

Njoo na kiu, usije na njaa.